Tukifungwa ni Mwalimu

Nilikwenda Ronge kuhani, nikarudi na habari za mpira. Rafiki yangu mmoja, Mtaita niliyefanya naye kazi Mombasa kwa miaka mingi, alifiwa na mamake, nami mazishi yakanipita. Basi nikapanda gari hadi Voi, Voi hadi Mwatate, na hapo Mwatate nikaingia matatu ya kupanda mlima. Msomaji uliyezoea joto la pwani, lau ungeniona ungecheka: kofia, koti, na juu ya koti shuka ya mwenyeji wangu. Ronge ni migomba na mashamba yaliyochongwa ubavuni mwa mlima mfano wa ngazi, na watu wake ni wapole wa maneno. Ndivyo nilivyodhani mpaka ilipofika Jumapili saa kumi za jioni.

Mwenyeji wangu ana kijana aliye chuoni. Sisi watu wa pwani tukisikia mtoto yuko chuoni huona ubao, wino na juzuu. Lakini huyu ni wa chuo cha siku hizi, cha huko Voi, asomea hesabu za biashara, na umri wake ni miaka ishirini na mmoja. Siku zote tatu nilizokuwa pale sikumwona bila fulana ya buluu na nyeupe ya AFC Leopards, hata alipokuwa akiwaandalia chai wageni wa matanga. Nikafanya hesabu. Leopards walichukua ligi ya Kenya mara ya mwisho 1998, kabla kijana huyu hajazaliwa. Mpaka msimu wa 2024/25 ulipokwisha, ambapo kombe lilikwenda kwa Kenya Police, alikuwa ameishi maisha yake yote akiipenda timu ambayo hajaiona ikiwa bingwa wa ligi hata mara moja. Mahasimu wao Gor Mahia, katika muda huo, wamelichukua mara tisa.

Nikamwuliza, "Wewe Mtaita, Ingwe imefikaje Ronge?"

"Muulize baba, mzee. Mimi nimeikuta nyumbani."

Baba yake akaeleza. Alipokuwa kijana alifanya kazi Nairobi, akipanga chumba kimoja na Wamaragoli wawili. Jumapili hao wawili walikuwa hawapiki; walikwenda uwanjani. Naye asingekaa chumbani peke yake na njaa, akawafuata. "Nilifuata chakula," alisema, "nikarudi na timu."

Jambo hili nimelifikiri sana. Mtoto wa Kiluo wa Kisumu hachagui. Gor Mahia ilianzishwa 1968 ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kiluo, na mtoto hulipata pamoja na maziwa ya mamake. Wa Kakamega naye alizaliwa akaikuta Abaluhya, ya tangu 1964. Serikali ilipotaka klabu zivue majina ya kikabila, Gor walijaribu kuitwa Gulf Olympic Rangers, na Abaluhya wakawa AFC Leopards, lakini wapenzi walijua kilichokuwa chini ya kanzu mpya. Mtaita hakuachiwa urithi wa namna hiyo. Timu yake huipata kwa mwenzake wa chumbani, kwa redio, kwa kazi iliyompeleka mbali. Pale Ronge nilikuta nyumba ya Gor na nyumba ya Ingwe zimetenganishwa na mfereji wa maji tu. Nikakuta vijana wa Arsenal na wa Manchester United wasiohesabika, na mzee mmoja ambaye ni Yanga damu kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Moshi. Hata mimi sina la kujivunia. Mapenzi yangu ni ya Mombasa, na kombe la ligi halijateremka Mazeras tangu Feisal walipolileta 1965. Mwaka huo mimi bado kuzaliwa.

Tuje kwenye Jumapili yenyewe. Vijana wa Ronge Juu walikuwa wakicheza na wa Ronge Chini, na hapo watu hawataki habari ya Nairobi wala Dar es Salaam. Kiwanja ni cha shule, kimekatwa mlimani, na upande mmoja ni bonde. Mpira ukitoka upande huo mchezo husimama mpaka mtoto aliyewekwa chini kazi hiyo aurudishe. Juu walifungwa mawili kwa bila. Mwaka uliopita vile vile walifungwa. Goli la pili mlinda mlango alilitazama tu likipita, kama mtu atazamaye basi ambalo si lake.

Nilitarajia hasira ziwaendee wa Chini. Hasha! Firimbi ilipolia watu walipeana mikono, matusi ya mzaha yakatupwa huku na huku, na nikaonyeshwa vijana wawili wa Chini, mmoja wao mfungaji wa goli la kwanza, ambao wiki ile iliyotangulia ndio waliochimba kaburi la mamake mwenyeji wangu. Nikakumbuka kwamba mpambano wa Gor na Leopards watu wameuita wa mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya huoana sana, na kwamba ng'ambo ya mpaka Simba na Yanga ni watani wa jadi. Itazameni lugha yetu hapo. Haikumwita mpinzani adui. Shemeji na mtani ni mtu unayemtukana kwa ruhusa, na akipatwa na msiba wewe ni wa kwanza kufika.

Hasira zote zilimwendea mwalimu wa timu.

Huyu ni mwalimu kwelikweli, wa darasa la sita, mtu wa makamo, na kufundisha mpira halipwi hata senti. Wavu wa mipira ni wake, alioununua mwenyewe. Watu walikusanyika chini ya mikaratusi, na aliyesimama kwanza kunena ni kijana wetu wa chuo, na fulana yake. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mpira wa leo hauna subira. Alisema Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba matano kwa moja, na baada ya siku mbili Simba wakaachana na kocha wao Robertinho, Mbrazili. Na kwamba mwaka uliofuata, Novemba vile vile, Yanga nao walimwondoa Gamondi, aliyekuwa amewapa ubingwa miezi michache tu nyuma, kwa kufungwa mara mbili mfululizo. "Wakubwa ndivyo wanavyofanya," alisema. "Sisi twangoja nini? Kocha aende." Vijana wakapiga makofi.

Ningeweza kumjibu palepale kwa mifano hiyo hiyo, lakini mgeni wa matanga hana sauti katika baraza la wenyewe. Ningemwambia habari za Patrick Aussems, Mbelgiji. Aliwapa Simba ubingwa na kuwafikisha robo fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 2019, na kabla mwaka huo haujaisha wakamwondoa. Na alipotua tena Afrika Mashariki, 2021, alitua wapi? Kwa Leopards, timu ya kijana huyu huyu! Frank Nuttall naye, Mskochi, aliongoza Gor msimu mzima wa 2015 bila kupoteza mchezo wa ligi hata mmoja. Mwaka uliofuata, majani ya msimu mpya hayajakauka, hakuwapo. Ikiwa asiyefungwa huondoka na aliyefungwa huondoka, basi kuondoka kwake kuna sababu nyingine isiyokuwa kufungwa.

Mimi naiona hivi. Shabiki wa kweli hawezi kuihama timu yake. Kijana wa chuo hataacha Ingwe hata ikikaa miaka mingine ishirini bila ligi, na akiiacha atadharauliwa, kwanza na baba yake. Wachezaji hawezi kuwafukuza, ni kumi na mmoja, na pale Ronge ni binamu zake. Mpinzani amekwisha kupewa jina la udugu. Na yeye mwenyewe, aliyekaa kilimani akipiga kelele, hajioni kuwa na sehemu katika kufungwa. Uchungu lazima utoke, na palipobaki wazi ni kwa mtu mmoja asiye shemeji wala mtani wala binamu. Nilipokuwa bado nimekaa pale chini ya mikaratusi nikaandika nyuma ya tikiti ya basi:

Mukifunga sifa zenu, mukifungwa ni mwalimu,
Hamuoni kosa lenu, hamuishi kulaumu,
Nami ni mmoja wenu, nimeinywa hiyo sumu,
Timu hamuwezi hama, kocha ndiye wa kuhama.

Mshororo wa tatu si wa kupamba shairi. Zamani, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya kalamu, niliandika makala juu ya mwalimu wa timu moja, ambayo sitaitaja, nikasema mbinu zake zimeota kutu na kwamba wakati wake umekwisha. Sikuwa nimekwenda mazoezini kwao hata siku moja. Makala yalisomwa, wakubwa wa timu wakapata kisingizio walichokuwa wakikitafuta, akaondolewa. Baada ya miaka kama miwili nilikutana naye sokoni akinunua muhogo. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza watoto hawajambo, akanisifu kwa Kiswahili changu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Wakati ule tulikuwa bado tukiandika "mwalimu wa timu". Watanzania wangali na neno hilo midomoni. Sisi huku Kenya karibu tumeliacha, sasa ni kocha, kocha. Sisemi neno limemfukuza mtu. Lakini chuoni kwetu, kile cha ubao, mtoto akisahau sura aliyohifadhishwa hakuna mzazi aliyekwenda kumfukuza maalimu. Aliyekiona cha moto alijulikana, na aghalabu alikuwa mimi. Mwalimu ana deni la heshima juu yetu. Kocha tumemwazima ng'ambo, na cha kuazima hurudishwa.

Wala si maradhi yetu peke yetu. Huko Marekani michezo ya vyuo hujaza viwanja kuliko ya watu wazima katika miji mingi, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma alipwaye mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwamo, ni kocha wa chuo kikuu. Novemba 2023, mwezi ule ule wa Simba na Robertinho, chuo cha Texas A&M kilimwondoa kocha wake Jimbo Fisher, na kwa kuwa mkataba ulikuwa haujaisha kikakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Niliposoma habari hiyo nilidhani mpiga chapa amekosea sifuri. Nilimhadithia mwenyeji wangu usiku ule kando ya moto, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyu wetu tukimwondoa tutamlipa nini? Tutamrudishia mipira yake?"

Maana ndivyo ilivyokuwa kule chini ya mikaratusi. Kijana alipomaliza, mzee wa Yanga alisimama, nikadhani atamtetea mwalimu. Akasema timu imekosa pumzi kwa sababu vijana wanakesha wakitazama mpira wa Ulaya kwenye simu, akazomewa akakaa. Kisha mwalimu mwenyewe akainuka. Hakujitetea. Aliutua ule wavu katikati ya watu, mipira minne, mmoja umeshonwa kwa uzi wa gunia, akaweka firimbi juu yake. Akasema, "Watoto wa mazoezi huja kesho saa kumi na nusu. Wako ishirini na wanane, na wadogo wataka kusindikizwa, huko bondeni giza huwahi. Nani atawapokea?"

Watu walitazama miguu yao. Kijana wa chuo alisema hilo si suala, suala ni mbinu, na kwamba yeye kesho ana darasa Voi. Baraza likavunjika bila ya kuamua, mwalimu akachukua wavu wake, akateremka nao begani; yeye, kumbe, nyumba yake iko Ronge Chini.

Hilo la nyumba lilinishughulisha njia nzima nilipokuwa nikirudi. Sikulisikia likitajwa barazani na mtu yeyote, wala sina hakika kama ndilo lililokuwa likisemwa pasipo kusemwa. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa simu. Alisema mwalimu ameoa huko Chini, lakini mwenyewe ni wa Juu, na kwamba watu hawana fikira hizo. Kisha akasema, "Lakini umeuliza vizuri."

Alhamisi kijana alinipigia. Walikutana tena, walipiga kura, mwalimu ameondolewa, amepokea kwa uzuri. Nikamwuliza mazoezi ya watoto.

"Yamesimama kidogo, mzee. Twatafuta mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nina mitihani." Akanyamaza. "Na mipira pia hatuna. Ile ilikuwa yake." Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama kwa sisi watu wa magazeti kuna fununu yoyote kwamba Ingwe wataleta kocha mpya.