Fidia haidaiwi kwa mahubiri

Umoja wa Afrika uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kudai haki kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kwa njia ya fidia. Tanzania nayo, kwa mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, imeingiza madarasani somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi na Historia ya Tanzania; ilichelewa kupewa nafasi yake. Ugomvi wangu ni na huyo Maadili aliyekalishwa naye dawati moja.

Wanaolitetea somo hili husema vijana wamepungukiwa uzalendo, na kwamba anayejua mababu walivyojitoa atakuwa raia mwema. Wengine huogopa kuwa ukoloni ukisimuliwa kwa ukali utazaa chuki dhidi ya Wajerumani na Waingereza wa leo. Sawa, uzalendo ni mwema na chuki haina faida. Bado sijaelezwa kwa nini mtoto asome Vita vya Majimaji ili awe na adabu.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita hivyo vya 1905 hadi 1907. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, unataka kujua fuvu la babu yao liko wapi, na Rais akaahidi kusaidia kulitafuta. Hilo ni dai linalohitaji majina ya maofisa, tarehe, daftari za makumbusho. Nani kwetu anafundishwa kusoma daftari za aina hiyo? (Mjadala wetu wa fidia mara nyingi huishia kwa dinosaria, yule mjusi wa Tendaguru aliyeko Berlin, utadhani mifupa iliyochukuliwa ilikuwa ya wanyama tu.)

Wanaodhani fidia hupatikana kwa kuonesha uchungu watazame jirani zetu. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyopata wakati wa vita vya Mau Mau. Uingereza ikajitetea kwamba muda wa kushtaki umekwisha zamani. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliukataa utetezi huo, na sababu yake inafaa kusomwa na kila mwalimu wa Historia: wakoloni waliandika mno, na nyaraka zilizobaki zinatosha kesi kusikilizwa kwa haki. Miongoni mwazo yalikuwamo mafaili yaliyofichwa Hanslope Park, ambayo serikali ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 baada ya kubanwa kutokana na kesi hiyo. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walikuwa upande wa wazee. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya watu 5,228.

Kisha wakaja wengine zaidi ya 40,000, kwa vita vile vile, dhidi ya serikali ile ile. Mwaka 2018 kesi yao ilitupwa. Muda ulikuwa umepita mno, jaji akasema, na ushahidi umefifia kiasi kwamba upande wa pili usingetendewa haki. Machozi ya kundi la pili hayakuwa mepesi kuliko ya kundi la kwanza. Hakuna jaji aliyewauliza Wakenya kama wana maadili.

Sasa rudi darasani kwetu. Kijana amekariri sababu za Majimaji, sababu za kushindwa, matokeo. Anajua Kinjikitile alikuwa na dawa ya maji. Kwamba alinyongwa Mohoro Agosti 1905, hajui. Haambiwi kwamba njaa iliua wengi kuliko risasi, wala kwamba njaa hiyo ilikuwa mbinu ya jeshi lililochoma mashamba na maghala, katika vita ambavyo baadhi ya makadirio ya waliokufa hufika 300,000. Hajui kuwa mafaili ya serikali ya Kijerumani yamo Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Wala hajui kuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika kumbukumbu za wazee wa vita hivyo. Kazi hii si ngeni kwetu. Tumeiacha tu, tukaweka mahubiri mahali pake.

Na mahubiri yana kasoro mbaya zaidi: hutaka mashujaa wasio na doa. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waafrika, wengine wa kutoka Sudan, wengine wa humu humu. Wangoni nao walikuwa wamewavamia majirani zao kabla Mjerumani hajafika. Somo la kujenga tabia litayaruka haya, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo. Tutampeleka nani akamjibu, mhitimu wa uzalendo?

Maadili yana mahali pake. Shule za msingi zilikuwa na Uraia na Maadili, na sekondari nazo zingeweza kuwa na la kwao. Kipindi cha Historia kiachiwe hati: nakala ya amri ya kodi, barua ya ofisa wa Kilwa, ushuhuda wa mzee wa Umatumbi, na mwanafunzi aulizwe nani anasema kweli na amejuaje. Kama muhtasari hauwezi kupanguliwa kabla ya mapitio yajayo, walimu waanze na hati moja kwa muhula.