Bata Hadanganywi na Chapa ya Koti

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki nguo za mabaka ni za askari, na raia akizivaa mjini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anajitafutia matatizo na sheria. Marekani mambo ni tofauti. Huko koti la mabaka huvaliwa na fundi bomba, mwalimu na mchungaji, na kila mwaka kabla ya msimu wa bata kufunguliwa maduka ya vifaa vya uwindaji hujaza rafu mitindo mipya: matete, magome ya miti, mabua ya mahindi. Pamoja na nguo huuzwa maneno, na mengi ya maneno hayo si kweli. Nayabishia kwa sababu hasara yake haiishii mfukoni mwa mnunuzi. Ndege naye huumia.

Dai linalosikika zaidi ni kwamba kadiri mchoro unavyofanana na picha ya matete halisi, ndivyo unavyoficha vizuri. Ukiwa dukani na koti mkononi, utaamini: unaona kila unyasi, kila kivuli, hata mishipa ya jani. Lakini bata hatazami koti akiwa karibu hivyo. Litundike kwenye tawi, rudi nyuma hatua 40, uligeukie. Nyasi zile nyembamba zimeshaungana na kuwa rangi moja ya kahawia, na kilichobaki ni umbo la mtu, mabega na mikono. Umbo hilo ndilo linalomshtua ndege. Hugh Cott, mwanabiolojia wa Uingereza, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu rangi za wanyama: kinachoficha mwili ni mabaka makubwa ya giza na mwanga yanayoukata mstari wake, hadi macho yashindwe kuuona kuwa kitu kimoja.

Ndiyo maana mitindo ya zamani haijafa. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilitumia mabaka ya mviringo yaliyobuniwa na Norvell Gillespie, mtaalamu wa bustani, na watu wakayaita ngozi ya chura. Vita vilipokwisha nguo hizo zilifika kwa raia, na wawindaji wa bata walizipenda kiasi kwamba viwanda viliendelea kuziiga kwa miongo mingi. Bottomland, mchoro wa kwanza wa kampuni ya Mossy Oak iliyoanzishwa na Toxey Haas huko Mississippi mwaka 1986, nao ni weusi wa gome na udongo tu. Hadi leo utawakuta watu wameuvaa katika misitu yenye maji ya Arkansas, ingawa madukani kuna michoro mipya tele.

Wengine husema bata haoni rangi, kwa hiyo chochote chenye ukahawia kinatosha. Hapa wamemchanganya bata na kulungu. Jicho la kulungu lina aina mbili za chembe za kupokea rangi, na ndiyo sababu fulana ya rangi ya chungwa haimshtui. La binadamu lina tatu. La bata lina nne, na hiyo ya nne humwonyesha mwanga wa upande wa zambarau ambao sisi tunaupata kwa shida au hatuupati kabisa. Mtazame dume la bata aina ya maladi, kichwa cha kijani kinachometameta na kiraka cha buluu bawani. Mapambo yale ameumbiwa yaonwe na jike. Kwa macho kama hayo, kofia ya chungwa ya mwindaji wa kulungu inaonekana waziwazi.

Na sabuni pia ina mchango wake. Sabuni nyingi za unga hutiwa dawa za kung'arisha ambazo hunyonya mwanga usioonekana na kuutoa ukiwa na ubuluu, ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi. Dawa hiyo ikibaki kwenye koti la mabaka, nalo hung'aa alfajiri, saa ileile bata wanapopita. Mtu hulipa pesa nyingi kununua kitambaa, kisha hukiharibu kwenye mashine ya kufulia. Afue kwa sabuni isiyo na dawa hiyo.

Kuhusu mchoro mmoja unaofaa mahali pote, mimi siuamini. Karibu na Stuttgart, Arkansas, mwindaji husimama ndani ya maji kati ya mialoni isiyo na majani, mgongo ukigusa shina, upande wenye kivuli. Kila kilichomzunguka ni kijivu na cheusi, hivyo koti la rangi ya majani makavu linamfichua. Kwenye vinamasi vya pwani ya Louisiana matete huwa bado ya kijani Septemba, lakini Januari yameshakauka na kugeuka rangi. Katika mashamba ya Dakota Kaskazini yaliyokwisha kuvunwa, mtu hulala chali kati ya mabua meupe, na theluji ikianguka hata mabua hayo hayamsaidii tena.

Kuna jambo jingine ambalo mwuzaji halitaji, nalo ni maji. Kitambaa kikilowa hukoza rangi. Anayepanga bata wa bandia gizani hutoka majini mikono imelowa hadi viwikoni, na jua likichomoza mikono hiyo ni myeusi mbele ya matete yaliyokauka. Msituni weusi huo unamfaa, lakini kinamasini unamponza. Kwa hiyo pima kwanza giza na mwanga wa mahali, mchoro uje baadaye. Mpige mwenzako picha kwa simu akiwa palepale atakapokaa, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Akionekana kama doa, jeusi au jeupe, nguo hiyo haifai hapo.

Wapo pia wanaodharau mabaka yote, wakisema wazee wao waliwinda kwa makoti ya turubai ya kahawia na walirudi na bata. Hilo ni kweli, ila wanasahau wazee hao walikaa wapi. Wengi walikaa ndani ya vibanda vilivyofunikwa matete ya palepale, wakiwa na kivuli juu ya vichwa vyao. Kibanda kikiwa kizuri, koti lolote lisilong'aa linatosha, na saa moja ya kukifunika vizuri ina faida kuliko koti jipya. (Uliza kwanza kama eneo hilo linaruhusu kukata majani; maeneo mengi ya umma hayaruhusu.) Anayesimama wazi kando ya mti ndiye anayetegemea nguo.

Hata huyo asidhani kwamba akijifunika mwili wote amemaliza. Utafiti wa Graham Martin wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa maladi, bila kugeuza kichwa, huona pande zote hadi juu ya utosi wake. Kundi linapozunguka, kila jicho linatazama chini. Mtu akiinua uso kuwafuata, ngozi yake hupokea mwanga wa anga na kung'aa. Avute ukingo wa kofia, afunike uso na mikono, atazame kwa chini, na asiinue bunduki mpaka wakati wa kupiga. Kutikisika kunamfichua mtu kuliko rangi yoyote.

Kuhusu michoro inayotangazwa kuwa ya kisayansi, sayansi yenyewe ipo. Optifade ya kampuni ya Gore ilibuniwa kwa msaada wa Jay Neitz, mtaalamu wa uonaji, na Timothy O'Neill, aliyebuni mabaka ya jeshi. Ila kanuni yake, mabaka makubwa yakichanganywa na madogo, si mali ya chapa moja.

Dai la mwisho hutolewa na watu wenye huruma, na nawaheshimu: kwamba kujificha hivi ni kumwonea ndege. Mimi naona kinyume. Tangu mwaka 1991 Marekani nzima imepiga marufuku marisau ya risasi kwa bata, na wengi sasa hutumia ya chuma, ambayo ni mepesi na hupoteza nguvu mapema. Aliyejificha vizuri huletewa ndege hadi mita 25 au 30, akapiga mara moja na ndege akafa. Aliyeonekana huwaona wakigeuka, tamaa ikamshika, akapiga wakiwa mbali. Ndege hupigwa tumboni au bawani, huteleza hewani, na kuangukia matete ambako hata mbwa hafiki. Sheria ya huko humtaka mwindaji ajitahidi kumtafuta ndege aliyemwangusha, lakini aliyejeruhiwa akiwa mbali hivyo mara nyingi hapatikani.