Uzi wa rangi kwenye fimbo ya kuvulia una kazi

Hapa Mwanza vijana hunitania wakiiona fimbo yangu ya mwanzi kule kwenye mawe ya ziwani: "Babu, sato haangalii rangi!" Kweli, anaangalia chambo. Lakini mwanzi ukikauka hupasuka kwa urefu, na uzi wa cherehani uliozungushwa ukabanana ndio unaouzuia. Ndio pia unaoshika vile vipete vya waya vinavyopitisha mshipi.

Fundo halitakiwi. Ncha ya kwanza hulazwa chini ya mizunguko. Ukikaribia kumaliza, weka kitanzi cha uzi mwingine, zungusha juu yake, pitisha ncha ya mwisho kitanzini, kisha kivute kiizamishe chini. Halafu vanishi nyembamba, mara mbili. (Uzi mwekundu wa pamba ukinywa vanishi huiva kama zambarau, kwa hiyo chagua rangi iliyokolea kidogo tu.)

Wanaovisha fimbo nzima siwaungi mkono. Uzi na vanishi ni uzito, na uzito wa nchani huilegeza fimbo. Madoido yakae karibu na mkono. Mimi hapo nimeweka rangi za timu yangu, na hilo halina mjadala.