Jinzi Imekubana? Iongeze Kitenge!

Mwezi huu tunafungua kabati. Pale chini, nyuma ya madera, sina shaka ipo jinzi moja ambayo hujaivaa tangu ujifungue. Kuigawa hutaki, uliipenda mno. Ukiijaribu inagoma mapajani, na siku nzima inaharibika. Halafu baba watoto apite mlangoni akatanie, "Mama, hiyo si ya enzi zile?" Basi tena, hata hamu ya kutoka inaisha.

Shosti, mwili uliobeba mtoto haujakosea kitu. Wa kurekebishwa hapo ni suruali. Jinzi yenyewe ilianza hivyo hivyo: huko Reno, Nevada, nchini Marekani, mke wa kibarua mmoja alimwomba fundi Jacob Davis amshonee mumewe suruali isiyochanika ovyo. Fundi akagonga ribiti za shaba kwenye kona za mifuko, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na Levi Strauss wakapewa hataza. Kama suruali iliweza kumfuata mtu wakati ule, na yako itakufuata.

Kuipanua

Pima nyonga ukiwa umekaa, maana tukikaa tunatanuka. Kisha pima jinzi. Tuseme umepungukiwa sentimita 6. Hizo ni 3 kila upande. Ongeza sentimita 1.5 kwa kila ukingo utakaoingia kwenye mshono, unapata utepe wa upana wa sentimita 6. Urefu wake uanzie kiunoni hadi chini, na uache wa kukunja pindo. Kata tepe nne, kwa sababu kitenge ni chepesi kuliko jinzi na kila upande unataka tabaka mbili.

Kabla ya kukata, fua kitenge kikauke, kisije kikasinyaa au kuchuja rangi baadaye.

Sasa fumua mshono wa nje wa mguu, taratibu, kwa wembe. Usiguse wa ndani. Huo kwa kawaida umekunjwa na kupigwa mistari miwili, utakesha nao. Mkanda wa kiunoni ukate pale unapokutana na mshono wa pembeni, nao uuongezee kipande. Bana kwa pini, jaribu, ndipo ushone. Kwenye cherehani weka sindano namba 16, na ukifika penye unene zungusha gurudumu kwa mkono.

Huna cherehani? Mpelekee fundi wa mtaani ikiwa imefumuliwa na vipimo vimeandikwa. Akitaja bei, mkumbushe kwamba nusu ya kazi umeshaimaliza.

Ya magotini

Wanaopenda matundu, siri ni hii: nyuzi za bluu zinakwenda wima, nyeupe zinalala. Kata mistari miwili midogo ya kulala, chomoa za bluu moja moja kwa kibanio cha nyusi, nyeupe zibaki zikining'inia. Anza na tundu dogo, maana kila ukifua linaongezeka.

Tahadhari ya jiki

Ukitaka mabaka meupe, fanyia kazi nje, vaa glovu, na usiichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Jinzi ya kuvutika usiipake kabisa, itapoteza mnepo wake.

Na wewe baba unayesoma gazeti la mama kwa kuibia, nawe nina neno lako. Mwenzio anajiangalia kwenye kioo kuliko unavyodhani, na utani wako anabaki nao siku nzima. Leo ukirudi mletee kitenge cha yadi mbili, mwambie akachague jinzi ya kukishonea. Halafu mtoke wote.

Tukutane mwezi ujao!