Hatari Haishuki na Basi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, imeota mizizi imani kwamba uhalifu unaowatishia watoto ni zao la mji na huletwa na mtu asiyejulikana, awe amepita stendi ya Kayanga au amevuka mpaka wa Murongo, ilhali kijijini, ambako kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani, mtoto huhesabiwa kuwa salama. Imani hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa baada ya wakimbizi wa Rwanda kuingia mwaka 1994 Kagera ilipitia kipindi kirefu cha ujambazi wa silaha, hata mabasi yakasindikizwa na polisi katika baadhi ya misitu. Hata hivyo, kumbukumbu ya watu wazima haiwezi kugeuzwa kuwa ramani ya hatari za watoto.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takribani mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wageni walikuwamo miongoni mwa waliotenda, lakini sehemu kubwa walikuwa watu waliofahamika kwa mtoto, na mara nyingi tendo lilifanyika ndani ya nyumba. Mwaka 2024, mtoto mwenye ualbino asiyefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani humu humu, akauawa, na miongoni mwa waliofikishwa mahakamani kwa tuhuma hizo alikuwamo baba yake mzazi. Kumfundisha mtoto amwogope mgeni tu ni kumwacha bila neno la kusema siku atakapodhuriwa na mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Ukuta wa shule ya bweni nao si jawabu. Wazazi wengi hupeleka watoto wadogo bwenini wakiamini kwamba geti linatosha, ilhali Septemba 2020 moto wa bwenini katika shule moja ya msingi wilayani Kyerwa uliua wanafunzi wasiopungua 10.

Wataalamu huita hofu ya uhalifu ule woga unaomfanya mtu achague njia, saa na mwandani wa safari hata kabla hajadhuriwa. Watoto wana hofu hiyo na wana sababu zake: binti anayetumwa maji jioni hupita katikati ya migomba isiyoonekana kutoka barabarani, na msimu wa kahawa, fedha zinapoingia na vilabu vya pombe ya rubisi kujaa, njia ile ile ya mchana huwa njia nyingine. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji, katika mradi wa UNESCO wa miaka ya 1970, aliwapa watoto wa Argentina, Australia, Mexico na Poland nafasi ya kuchora na kueleza maeneo yao wenyewe. Karagwe haihitaji mtaalamu wa kigeni kufanya hivyo, kwani kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake.

Haki hiyo haina mlango kijijini, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji ni wa wenye miaka 18 na zaidi, na njia ya kisimani haiingii katika muhtasari wake. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), zinapaswa kutembea njia hizo pamoja na watoto wa Nkwenda, Omurushaka na Murongo, jioni, kabla msimu wa kahawa haujaanza.