Si Kila Mkoromo wa Mtoto ni Kimeo



Hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa, tulifuatwa na baba mmoja kutoka Butiama. Aliomba nauli ya kumpeleka mwanawe wa miezi saba Bugando, Mwanza. Mtoto alikuwa akikoroma hata akiwa macho. Akinyonya kidogo huacha, na mara nyingi hupaliwa na maziwa. Wazee wa nyumbani walisema ni kimeo. Akapelekwa kwa mkataji, kimeo kikakatwa, damu nyingi ikamtoka, na mkoromo ukabaki pale pale. Daktari alipomchunguza alikuta uvimbe wenye majimaji kwenye shina la ulimi, umeegemea mlango wa njia ya hewa. Kimeo hakikuwa na kosa lolote.

Hatumlaumu baba huyu, kwani desturi hii wengi wetu tumeikuta. Lakini tujue kwamba uvimbe wa namna hiyo mtoto anaweza kuzaliwa nao. Ukiwa mdogo haumsumbui. Ukikua huziba njia ya maziwa, kisha njia ya pumzi. Mwingine hutokea mbele ya shingo, katikati, na hupanda mtoto anapomeza au kutoa ulimi. Yote hiyo hutibiwa kwa upasuaji hospitalini. Kukata kimeo hakuigusi. Huongeza kidonda, damu na hatari ya pepopunda, na wembe uliopita kwa wengi huweza kuambukiza hata virusi vya UKIMWI.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alimpeleka mwanawe kwa Mtume (s.a.w.) baada ya kumminya koo kwa sababu ya maradhi ya koo. Mtume (s.a.w.) alikemea kuwatesa watoto kwa namna hiyo, akaelekeza dawa. Ikiwa kuminya kulikemewa, tuseme nini juu ya wembe? Tena Abu Dawud amepokea kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Basi mkataji ana swali la kujibu, na sisi tunaompelekea watoto tujihesabu.

Enyi akina mama na akina baba, msingoje iwapo mtoto anatoa mlio anapovuta hewa, kifua kinabonyea ndani, anatokwa na udenda kwa kushindwa kumeza, anakataa ziwa, au midomo inageuka rangi. Mwacheni akae mkao unaompa nafuu, msimtie kidole kooni, mkimbilieni kituo cha afya kilicho karibu, usiku au mchana. Kutoka hapo atapewa rufaa, iwe ni Musoma au Bugando. Na wazee wetu pia: sauti iliyokwaruza au chakula kinachokwama kwa zaidi ya wiki tatu si jambo la kutuliza kwa tangawizi peke yake. Huenda likawa tezi ya shingo, huenda likawa saratani, na anayewahi ana matumaini zaidi.

Tunajua kinachowarudisha wengi kwa mkataji: yeye yuko jirani na ujira wake ni mdogo, ilhali Mwanza ni mbali na nauli ni nzito. Kwa hiyo kamati yetu imeazimia kutenga sehemu ya sadaka ya kila Ijumaa kwa nauli za wagonjwa wa rufaa. Tunaziomba kamati za misikiti ya Bunda na Butiama zifanye vivyo hivyo, ili mzazi aliyekwama usiku ajue mlango wa kubisha. Mtoto wa ndugu yetu yule ameshafanyiwa upasuaji, na sasa ananyonya hadi anashiba, alhamdulillah.

Watoto ni amana. Tutaulizwa juu ya pumzi zao.