Neno la Mwezi: Kuenea

Vijana wetu hulitumia neno kuenea kila siku, na wengi wao walijua kwa upande mmoja tu: habari huenea, moto huenea, maradhi huenea. Lakini mama wa nyumbani achunguliapo sufuria ya pilau siku ya Idi akauliza, "Je, itawaenea wageni?", haulizi kama pilau itatapakaa sebuleni. Auliza kama kila mgeni atapata sehemu yake. Vivyo hivyo fundi humvisha kijana kanzu mpya akasema imemwenea, yaani imemkaa sawasawa, haikumbana wala haikumpwaya.

Basi neno hili lina maana zilizoshikana: kufika kila mahali, na kumtosha kila mmoja. "Dagaa wameenea" ni kusema wapo kila pahala. "Dagaa wametuenea" ni kusema sote tumepata. Kwa hiyo aandikaye "kipindupindu kimetuenea" amesema jambo la kuchekesha, kana kwamba tuligawiwa na hapana aliyekosa. Na aandike "kimeenea kwetu".

Maneno jirani hayana uso huu wa pili. Mawingu hutanda, majivu hutapakaa, uvumi huzagaa, na kuzagaa kuna harufu ya lawama. Magugumaji yaliyoingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yalitanda juu ya maji hata mitumbwi ikakosa njia. Hapana mvuvi aliyesema yamemwenea.

Watu wa Musoma wana mfano ulio mzito zaidi. Sangara hakuwa samaki wa ziwa lile. Alitiwa humo katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, na katika miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, huku furu, waliokuwa wa aina mamia, wakipungua mno na aina nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma. Minofu ikasafirishwa Ulaya, na kichwa pamoja na mifupa, viitwavyo mapanki, vikabaki kwa asiye na fedha ya mnofu. Kazi zilipatikana, na fedha pia, hatukatai. Lakini kwa kipimo cha neno letu, sangara aliyeenea ziwani hakuwaenea wakaao kando ya ziwa. Aliyekaribia kuwaenea ni dagaa, samaki asiyezidi kidole, aanikwaye mchangani kisha akapelekwa Bunda na vijiji vya mbali na maji, akapimwa kidogo kidogo hata mwenye shilingi chache asirudi mikono mitupu. Naye siku hizi atafutwa sana kwa kutengenezea chakula cha kuku.

(Twaamrishwa pia kueneza salamu, na hapo maana zote mbili zimo: salamu ifike kila mahali, na asiwepo aliyepitwa.)

Na lugha yenyewe? Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikua akisema Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934. Katika maisha yake Kiswahili kilienea Mara yote, kikawa lugha ya Mjita na Mkurya, ya Mwikizu na Mjaluo, wakutanapo sokoni na ofisini. Hata hivyo huko ni kuenea kwa maana ya kwanza. Wako waliosema kwamba lugha hii ni ya soko na amri, haitoshi kwa fikira kubwa. Mwaka 1963, akiwa Rais, Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kwa maoni yetu alikuwa akiijaribu maana ya pili, kama yule fundi: kuona kama Kiswahili kitamwenea Shakespeare. Mwaka huo huo wa 1969 tafsiri ile ya kwanza ilitoka tena, imerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kanzu ilikuwa imepimwa mara ya pili.